Watu wanasema nimependeza, kioo kinakataa

"Daktari, nina miaka 37 na nimejifungua miezi mitano iliyopita. Wiki ya tisa sasa nafanya yoga, mara tatu kwa juma. Sitaficha, nilianza kwa sababu moja tu: nilitaka kupendeza. Nywele zinanitoka kama manyoya, chunusi za kidevuni zimerudi utadhani nina miaka 17, na pembeni mwa macho nimeanza kuona mistari. Mwalimu wetu anasema kusimama kichwa chini miguu juu kunaleta damu usoni na kuondoa makunyanzi, na kujisokota kunakamua sumu kwenye ini. Kweli nikitoka darasani uso unang'aa, lakini nikifika nyumbani umerudi ulivyokuwa. Cha ajabu, wenzangu wawili kazini wameniambia nimependeza, wanataka kujua napaka nini. Kioo hakinionyeshi kitu. Je, yoga inaongeza urembo au najidanganya? Na huo urembo wa ndani unaosemwa ni kitu gani hasa, au ni maneno ya kututuliza sisi ambao wa nje umegoma?"

Dada, kwanza hongera kwa mtoto. Swali lako nimelipenda kwa ukali wake wa mwishoni, maana wengi wanaoniandikia kuhusu yoga huwa wameshaamua jibu na wanatafuta sahihi yangu tu. Mimi ni daktari wa ngozi, na mkeka wa yoga ninao chumbani kwa miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo siwezi kuibeza. Ila sitaibebesha mzigo usio wake.

Umeuliza mengi, lakini yote yamefungwa kwenye mafundo mawili: mbona mng'ao haukai, na mbona wenzako wanaona kitu ambacho wewe hukioni. La pili ndilo lenye utamu. La kwanza ni jepesi, tulimalize.

Misuli ikifanya kazi hutoa joto. Ubongo ukilihisi joto hilo unaamuru mishipa midogo ya damu chini ya ngozi ipanuke ili joto litoke nje, na usoni mishipa hiyo ni mingi na iko karibu kabisa na juu. Ongeza jasho jembamba lililochanganyika na mafuta ya ngozi, mwanga ukilipiga unarudi. Huo ndio mng'ao wako. Mwili ukipoa, mishipa inajibana, jasho linakauka, mambo yamekwisha, kama pasi iliyochomolewa kwenye umeme ikabaki na uvuguvugu. Mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nane angeng'aa vilevile. Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa takriban wiki nne ukiwa kijana, na muda huo hurefuka umri ukisogea, kwa hiyo lolote linaloibadilisha ngozi kwa kweli haliwezi kuonekana unapokunja mkeka.

Tuje kwenye kichwa chini miguu juu. Dai hilo mwalimu wako hakulitunga. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 15, kinasema anayejigeuza hivyo kila siku, miezi sita ikishapita, makunyanzi na mvi havitaonekana kwake. Halafu kinaendelea: atakayekaa hivyo kwa muda wa saa tatu kila siku, huyo amekishinda kifo. Ukiisoma ahadi ya pili unajua namna ya kuipokea ya kwanza.

Mvi huja pale seli zinazotengeneza rangi kwenye shina la unywele zinapochoka na kuisha, na damu ya ziada haiziamshi. Ngozi ya uso nayo haina njaa ya damu; inapata ya kutosha hata ukiwa umeketi unapiga soga. Unapojigeuza, damu iliyokwisha kutumika kichwani inalazimika kupanda mlima ili irudi moyoni, inachelewa, na uso unajaa. Wewe unaona wekundu wa macho na mashavu yaliyovimba kidogo, mwalimu anasema ngozi inalishwa. Mimi naona foleni.

Ini je? Ini si tambara la kupigia deki. Linafanya kazi yake usiku na mchana umejisokota au hujajisokota, na figo zako zinachuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku bila kuhitaji mkao wowote. Jasho ni maji kwa takriban asilimia 99, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni chumvi. Mikao ya kujisokota inalegeza mgongo, na kwa mtu aliyembeba mtoto kutwa nzima hiyo ni raha tosha. Haihitaji kusindikizwa na hadithi ya sumu.

Yoga ikifika kwenye ngozi, inafika kwa mlango wa uani, na mlango huo ni msongo. Mtu akiwa na wasiwasi wa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kortisoli bila kupumzika. Ngozi inashindwa kutunza maji yake vizuri, inapunguza kutengeneza kolajeni inayoifanya iwe na mnofu, na inachelewa kujitengeneza. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichukua kipande kidogo cha ngozi, milimita 3.5, kwenye mikono ya wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kusahau, wakafanya hivyo hivyo kwa wanawake wengine wa umri ule ule wasio na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichukua siku tisa zaidi kupona, kwa wastani. Chunusi nazo: mwaka 2003 wanafunzi 22 wa chuo kikuu walipimwa kipindi cha kawaida na kipindi cha mitihani, na kadiri msongo ulivyopanda ndivyo chunusi zilivyochachamaa. Watu 22 ni wachache, nakubali. Lakini muulize mwanafunzi yeyote.

Kwenye mkeka, kinachoigusa mashine hii ya msongo ni pumzi kuliko kitu kingine chochote. Jaribu leo. Lala chali, mkono mmoja juu ya kitovu, vidole viwili vya mkono mwingine vikitafuta mapigo pembeni mwa shingo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita, polepole, kama unapuliza chai bila kutaka mtu asikie. Baada ya dakika moja au mbili utahisi mapigo yanakwenda haraka kidogo unapovuta na kupunguza mwendo unapotoa. Ni neva ya vagasi hiyo, inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, ikiushika moyo breki kila unapotoa pumzi. Ukifanya hivyo unapumua mara sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, vyote viwili, huwafikisha watu kwenye pumzi sita hivi kwa dakika bila wao kukusudia. Kwa hiyo yoga haina hati miliki ya utulivu. Ina faida moja tu kubwa: inakuwekea ratiba.

Kisha usingizi. Nchini Uswidi watu 23 walipigwa picha mara mbili, mara moja wakiwa wamelala kwa muda wa saa nane na mara nyingine wakiwa wamekesha baada ya usiku wa usingizi mfupi. Picha zikapelekwa kwa watu 65 wasiojua nani kalala na nani hajalala. Waliokesha walionekana hawana afya nzuri na hawavutii kama walipokuwa wamelala. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010, na kila nikisikia mtu ananunua mafuta ya bei mbaya huku analala kwa muda wa saa nne tu, naukumbuka. Yoga ya jioni, ile ya taratibu, huwasaidia watu wengi kulala mapema na kulala vizuri.

Lakini wewe una mtoto wa miezi mitano, na mtoto wa miezi mitano hana habari na yoga. Sidhani kwamba wenzako kazini wameona usingizi usoni pako. Wameona kitu kingine, na hapa ndipo nilipokuwa napataka.

Fikiria unavyojitazama. Uko bafuni, taa iko juu ya kichwa, umesogeza uso karibu na kioo kiasi cha shubiri moja, umesimama tuli na unawinda kasoro. Chunusi hii, mstari huu. Mwenzako wa kazini hajawahi kukuona hivyo hata siku moja. Yeye anakuona ukiingia mlangoni kutoka hatua saba, ukigeuka kumwitikia mtu, ukiketi, ukicheka. Anaona shingo, mabega na mwendo kabla hajafika kwenye ngozi.

Na hayo ndiyo yanayobadilika ndani ya wiki tisa. Mama anayenyonyesha hukaa ameinama juu ya mtoto, mabega yamesogea mbele, kidevu kimechomoza, kifua kimekunjwa. Akimlaza mtoto anachukua simu, anainama tena. Baada ya muda misuli ya kifua inafupika, ile iliyo katikati ya mafupa ya mabega inalegea, na mtu anaonekana mchovu hata siku asiyochoka. Mikao ya kulala kifudifudi na kuinua kifua, ya kunyoosha mikono juu, ya kusimama tu wima ukisambaza uzito sawa kwenye nyayo mbili, inafanya kazi kinyume cha hayo: nyuma inapata nguvu, mbele inapata nafasi. Mwambie mtu akupige picha ya ubavuni umesimama kama kawaida yako, bila kujikakamua. Kama unayo ya miezi mitatu iliyopita, ziweke pamoja. Angalia sikio liko wapi ukilinganisha na bega. Nadhani hapo utaona wanachokiona.

Uso nao una mkao wake. Kuna watu wanaotembea kutwa wamekunja ndita bila kujua, au wamebana meno kana kwamba wanazuia neno lisitoke. Kwenye mkao mgumu mwalimu mzuri atakwambia "legeza taya," nawe ndipo unapogundua kwamba ulikuwa umelibana. Ukishagundua mara mia kwenye mkeka, unaanza kugundua ukiwa kwenye foleni ya benki. Mistari yako ya pembeni mwa macho haitafutika kwa hilo. Hiyo ni kazi ya jua, miaka na kicheko, na ukitaka isiongezeke haraka basi krimu ya kuzuia jua na kivuli vitakusaidia kuliko mkao wowote, hata kama ngozi yako ni nyeusi.

Utasikia pia kuhusu yoga ya uso, ile ya kuvimbisha mashavu na kuinua nyusi kwa vidole. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Marekani waliijaribu kwa wanawake wa miaka 40 hadi 65: nusu saa kila siku kwa wiki nane, kisha siku moja kufanya na siku moja kupumzika mpaka wiki ya 20. Waliomaliza walikuwa 16. Madaktari waliozitazama picha zao waliwakadiria umri wa miaka 50.8 mwanzoni na 48.1 mwishoni, na mashavu ndiyo yaliyojaa zaidi. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Ukitaka jaribu, haina madhara. Mimi hiyo nusu saa ningelala.

Na uzito, hukuuliza lakini wengine watauliza. Yoga ya kawaida huchoma nguvu karibu sawa na kutembea taratibu. Anayetafuta kupungua kwa njia hiyo peke yake atasubiri sana.

Sasa urembo wa ndani. Neno hili linateleza, kila mtu analishika kwa upande wake, na kuna watu wanalitumia kama ulivyosema, kutuliza waliogomewa. Sitasema kwamba yoga inamfanya mtu kuwa mwema. Nimefanya yoga na watu wenye hasira za ajabu, wanaogombania nafasi ya kutandika mkeka. Ninachoweza kukisema kitaalamu ni kidogo kuliko hicho lakini ni cha kweli: kuna namna mbili za kuishi na mwili. Moja ni kuutazama kutoka nje, kana kwamba wewe ni mtu mwingine anayekukagua. Nyingine ni kuusikia kutoka ndani: njaa, uchovu, raha ya kunyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi. Watafiti wa saikolojia walianza kuieleza kwa kina ile ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaihusisha na aibu, wasiwasi na matatizo ya kula, hasa kwa wanawake. Na mwaka 2005 wanawake wanaofanya yoga walipolinganishwa na wanaofanya aerobiki na wasiofanya lolote kati ya hayo, wa yoga waliusikiliza mwili wao zaidi na kujikagua kidogo. Inawezekana kwamba wanawake wa namna hiyo ndio wanaovutwa na yoga tangu mwanzo. Hata hivyo inalingana na ninachokiona.

Lakini darasa linaweza kufanya kinyume. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nachungulia mkeka wa jirani kuliko wangu. Mguu wake ulikuwa unapanda, wangu ulikuwa unatetemeka, na nilitoka pale nimejichukia zaidi ya nilivyoingia. Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha yoga, inaueleza mkao mzuri kwa sifa mbili tu, uwe imara na uwe wa raha. Haisemi uonekaneje. Ukumbi uliozungukwa na vioo na mwalimu anayeanza kwa kuzungumzia matumbo ya watu haukufai kwa sasa, tafuta mwingine.

Turudi kwenye yale unayoyaona kioo kikiwa karibu. Nywele kwanza, kwa sababu najua zinatisha. Ukiwa mjamzito, homoni huzizuia nywele nyingi zisidondoke kwa wakati wake. Ukijifungua homoni zinashuka ghafla, nywele nyingi zinaingia likizo kwa pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye zinaanza kuanguka kwa mafungu. Kwa kawaida hurudi zenyewe, na mtoto anapotimiza mwaka wengi huwa wamesharudia hali yao. Yaani zitarudi umesimama kwa kichwa au kwa miguu, ila nakuhakikishia kuna mtu atakayekwambia ni kichwa.

Chunusi za kidevuni mara nyingi ni za homoni, na yoga haizitibu. Inaweza hata kuzichokoza: kwenye ule mkao wa mtoto unalaza uso juu ya mkeka uliokanyagwa na watu kumi. Tandika taulo yako safi, usiache jasho likaukie usoni, na mafuta ya nywele yasiteremke kwenye paji. Kama unanyonyesha, benzoili peroksaidi au asidi ya azelaiki ya kupaka huruhusiwa. Vidonge vya isotretinoini usiviguse. Zikiacha makovu, usingoje, nenda kwa daktari wa ngozi.

Nenda pia kwa daktari nywele zikitoka kwa mabaka, au zikiendelea kudondoka mwaka ukiwa umepita, au ukiwa na uchovu usioelezeka, moyo kwenda mbio, baridi au joto lisilo la kawaida. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi hutokea baada ya kujifungua na hugunduliwa kwa kipimo cha damu, huku mtu akidhani ni uzee. Hedhi ikirudi ikawa ya kuvurugika, na ndevu zikaota kidevuni, au ngozi ya shingo ikawa nyeusi na nene kama mahameli, hayo nayo yanahitaji kuchunguzwa. Na hili nalisema kwa sauti ya chini lakini kwa msisitizo: ukijikuta kwa wiki mbili huna furaha na chochote, unalia bila sababu, unajiona hufai, tafuta msaada wa daktari au mshauri, wala usijaribu kulimaliza kwa mkeka. Yakija mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni siku hiyo hiyo.

Kuhusu kusimama kwa kichwa, kwako naomba uache kwa sasa. Mwezi wa tano baada ya kujifungua, misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga bado inajirudi. Ukiona tumbo linatokeza tuta katikati unapoinuka kitandani, au mkojo unakuponyoka ukikohoa, mwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya mikao yoyote mizito. Shingo haikuumbwa kubeba mwili. Shinikizo ndani ya jicho hupanda karibu mara mbili ukiwa kichwa chini, kwa hiyo mwenye presha ya macho asithubutu, wala mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa.

Badala yake lala chali, makalio karibu na ukuta, miguu imeegemea ukutani, mto mwembamba chini ya kiuno, dakika kumi. Mwalimu akilalamika, mwambie ndiyo Viparita Karani, kwa sababu walimu wa leo wanauita mkao huo kwa jina lile lile ambalo kitabu cha karne ya 15 kililiambatanisha na ahadi yake ya kufuta makunyanzi. Na usingizi ukikupitia hapo hapo ukutani, waombe wasikuamshe.